Redio ya Kumezea Vidonge

Nyinyi vijana wa kutengeneza simu, pale mnapopanga meza zenu mbele ya duka la nguo, mimi hupita asubuhi nikienda kununua maziwa na huwa nawaangalia. Mteja hata salamu hajamaliza, mfuniko umeshatoka. Mnafungua kwanza, halafu ndipo mnauliza. Mimi sisemi kitu, maana mzee akizidisha maneno anaambiwa aende nyumbani akapumzike. Lakini juzi yule mwenzenu mwembamba aliniomba niwaeleze kazi ya redio ilikuwaje zamani. Basi vuteni viti, na msiniharakishe.

Nilianza kushika redio miaka ya sabini, hapa hapa Isiolo, nikaacha macho yalipokataa kuona waya nyembamba. Aliyenifunza ni Mzee Warsame. Baba yake aliletwa huku na jeshi la Mwingereza akabaki, na yeye Warsame naye akapita jeshini, upande wa mawasiliano, ndiko alikojulia mambo ya redio. Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha mabati. Mlangoni alitundika redio kubwa ya mbao, inalia kutwa nzima, na hiyo ndiyo ilikuwa matangazo yetu ya biashara. Mtu alisimama kusikiliza habari, akakumbuka kwamba ya kwake nyumbani imenyamaza.

Umeme haukufika kwetu dukani miaka ile ya mwanzo. Chuma cha kuchomea risasi ya kuunganishia waya tulikitia kwenye jiko la makaa, kikiiva tunakifuta kwa kitambaa, tunachoma haraka kabla hakijapoa. Betri tuliionja kwa ulimi. Msicheke. Ulimi ukishazoea unakuambia betri ina nguvu kiasi gani, na hauhitaji kununuliwa. Nyumba yenye redio ulikuwa unaijua kwa mbali, betri zimeanikwa juu ya paa ziote jua zipate uhai wa siku mbili tatu. Kwa nini? Kwa sababu redio mtu alinunua mara moja, lakini betri zilimfuata maisha yake yote. Na nyinyi leo mnalia bando. Ni mambo yale yale.

Mzee Warsame hakuniruhusu kugusa bisibisi kabla sijamuuliza mwenye redio maswali yake. Ilinyamaza ghafla au polepole? Ilikuwa imewekwa wapi? Nani aliigusa mwisho? Hilo la mwisho watu hudanganya. Mume anasema ilinyamaza yenyewe, mke anatazama pembeni, basi unajua pa kuanzia. Nimetoa mende ndani ya redio, nimetoa siafu, nimetoa sukari, nimetoa shanga za mtoto. Kulikuwa na mtu wa Oldonyiro aliyeuza mbuzi wake mnadani akanunua redio, na haikupita muda akairudisha akisema ina pepo, jua likizama inaongea Kisomali. Akaomba tumtoe huyo Msomali aliyeingia ndani. Mzee Warsame, Msomali mwenyewe, aliiangalia redio kwa makini sana, akazungusha kitufe kutoka masafa mafupi hadi masafa ya kati, akamwambia, "Huyo ametoka. Nimebaki mimi tu." Yule bwana alishukuru, akaenda zake. Wallahi sijui kama alielewa.

Watu walituita daktari. Redio yangu inakohoa, redio yangu ina homa, hivyo ndivyo walivyosema. Na kwa kuwa hospitali haikuwa mbali na duka letu, wengi walipitia kwetu wakitoka huko, wakakaa kwenye ngazi ya mlango, wakaanza kubishana habari za matibabu. Siku hizo hospitali ya serikali ilikuwa bure, na wako ambao hilo liliwatia wasiwasi. Walisema dawa ya kununua dukani ina rangi nzuri zaidi. Walisema sindano ni dawa na kidonge ni peremende. Mwingine akasema bure ni pale mlangoni tu, na huyo nilimsikiliza, maana alikuwa ametoka Sericho, mbali huko. Nauli ya lori, mifugo umeiacha kwa mtu ambaye humwamini, huku mjini unakula kwa nani? Ukipewa kidonge cha bure baada ya hayo yote, hicho kidonge umekilipia. Nilikubaliana naye na bado nakubaliana naye.

Sasa nije kwa Mama Galgallo.

Mumewe alikuwa Mzee Boru, Mborana wa huko Gotu. Ujana wake alifanya kibarua cha barabara na huko akajifunza Kiswahili. Hakuwa na cheo chochote, lakini alikuwa na redio, na taarifa ya habari ya mchana hakuikosa. Mambo yake yote yalipangwa kuzunguka hiyo. Mkewe Kiswahili hakukijua kabisa. Alikuwa anamuuliza mumewe, huyo mtu anasema nini, na mzee anamwambia ngoja amalize.

Mzee Boru akapata kifua kikuu. Alilazwa hapa Isiolo akachomwa sindano mpaka akachoka kulala kifudifudi, kisha akapewa vidonge vya kwenda kumezea nyumbani, vya miezi na miezi. Hapo ndipo palikuwa na shida ya watu wote wa ugonjwa huo. Mtu akishaacha kukohoa na nguvu zikarudi anasema nimepona, vidonge vinaliwa na mchwa. Ugonjwa ukirudi unarudi mkali, na dawa ile ya kwanza haiuwezi tena. Kwa kweli wengi walikufa hivyo, na vidonge vyao viko ndani ya nyumba.

Hospitali palikuwa na dresa mmoja, Mmeru, jina lake Mwenda, kazi yake kufunga vidonda na kugawa dawa. Mwenda alikuwa mjanja. Alijua hawa wazee huwaambii kitu kuhusu mwili wao. Akamuuliza Mzee Boru ni jambo gani ambalo haliachi hata siku moja. Mzee akasema, swala na taarifa ya habari. Mwenda si Mwislamu, mambo ya swala aliogopa kuyaingilia. Akasema basi, tupatane. Habari ya mchana ikianza, unameza. Mzee Boru akakubali, na akampa mkono. Mkono wa mzee wa Kiborana, akishautoa kwa makubaliano, si mchezo. Akaenda nyumbani, habari ikaanza, akameza. Kesho habari ikaanza, akameza. Miezi ikaenda hivyo vizuri kabisa.

Ikaja siku ambayo dereva mmoja wa lori alilala huko Gotu, akaona mzee analalamika betri zimekwisha. Akataka kumfanyia wema. Akachukua waya mbili akaunganisha redio kwa betri ya lori. Nyinyi mnajua kilichotokea, naona mnavyotabasamu. Moshi ulitoka, na redio ikanyamaza.

Mama Galgallo aliingia dukani amebeba redio mgongoni, ameifunga kwa leso kama mtoto. Alikuwa amepita mlango wa hospitali bila kugeuka. Nikamsalimu, nikamwita Akko, maana sisi Waborana bibi mzee ndivyo tunavyomwita, nikauliza maswali yangu. Ilinyamaza ghafla. Nikauliza nani aliigusa mwisho, naye hakudanganya. Nikaifungua, harufu ikanipa jibu kabla ya macho. Transista zilikuwa zimeungua. Hapa Isiolo hatukuwa nazo, ilikuwa ni kuagiza Nairobi kwa dereva, na mvua zilikuwa zimeharibu barabara. Nikamwambia ataacha redio, itachukua wiki kadhaa. Akanieleza kwa Kiborana mambo ya mkono na ya vidonge. Akasema tangu moshi utoke mzee hajameza hata kimoja. Anasema alichoahidi ni kumeza habari ikianza, na habari haijaanza.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa ng'ombe amekaa kwenye ngazi, mtu wa maoni mengi. Akamwambia mama kwa Kiborana aachane na redio, kama ana mbuzi wa kuuza amuuze ampeleke mzee kwa daktari wa kulipwa. Mama Galgallo hakukasirika. Alimjibu, "Daktari ameshafanya kazi yake. Kazi iliyobaki ni ya redio."

Wale waliokuwepo walicheka, na mimi nilicheka. Mzee Warsame hakucheka. Aliniambia weka hicho chuma chini, nenda hospitali ukamwite yule dresa.

Nilimkuta Mwenda akiosha mabomba ya sindano. Nilipomweleza aliacha maji yakimwagika. Akasema mzee akikaa hivyo wiki kadhaa, kazi yote imepotea, tutamzika. Akaja mbio mpaka dukani, na koti lake jeupe, akamwambia mama kupitia kwangu kwamba mzee ameze tu, ameze asubuhi, ameze mchana, bora ameze, redio haihusiki. Mama akasema ameshamwambia hivyo kila siku. Mzee anajibu kwamba akipatana na daktari hivi halafu akafanya vile, basi hakuna kupatana. Mwenda alijishika kichwa. Ile kamba nzuri aliyomfungia mzee ilikuwa imemfunga na yeye. Angekwenda Gotu mwenyewe, lakini gari la hospitali lilikuwa limesimama halina mafuta, na wodi haikuwa na mtu mwingine.

Mzee Warsame akasimama, akateremsha ile redio kubwa ya mlangoni, akaiweka mbele ya mama. Nilishangaa. Ile redio hakuwahi kuiazima mtu, hata kwa harusi ya mpwa wake. Mama Galgallo aliitazama, akairudisha kwa mikono miwili. Akasema kitu cha mtu ni cha mtu, na ikiungua huko kwetu nitakurudishia na nini. Tulimbembeleza, akakataa. Nilikasirika, wacha niseme ukweli. Niliona ni kiburi, na mumewe anakufa.

Lori la kurudi lilikuwa la alasiri. Mama alikaa kwenye ngazi kungoja. Redio kubwa ikarudishwa mlangoni, na mchana habari ikaanza. Nikamwona mama amegeuza sikio, midomo inacheza. Nilidhani anasoma dua. Habari ilipokwisha aliniita. Akaniuliza yale maneno ambayo huyo mtu huanza nayo ni yapi, nikamwambia. Akayarudia, akayakosea. Nikamrudishia, akayakosea vilevile. Nikaachana naye, nilikuwa na kazi. Na zile ngoma zinazopigwa redioni kabla ya habari je? Akazigonga kwa kidole kwenye ubao wa mlango, na hizo alizipata sawasawa.

Transista zilichelewa kuliko nilivyomwambia. Dereva mmoja alisahau, wa pili akaleta zisizofaa, na huwezi kumgombeza mtu aliyelala matopeni siku tatu. Kila Mwenda alipopita alichungulia dukani, mimi natikisa kichwa, anaenda zake. Zilipofika nilizichoma siku hiyo hiyo, nikaijaribu ile redio mpaka nikahakikisha, na Mzee Warsame akaniambia niipeleke kwa mkono wangu. Mwenda akanipa vidonge vingine. Akasema nikimkuta anakohoa damu nisibishane naye, nimpakie tu kwenye lori.

Lori liliniteremsha Gotu karibu saa sita na nusu, jua kali. Njia nzima nilikuwa nafikiria nitasema nini nikikuta kaburi. Nilipofika kwenye boma lao nikamwona Mzee Boru ameketi kwenye kivuli cha nyumba, juu ya ngozi, mgongo umenyooka, anatazama mbele. Hakunitazama. Nilitoa salaam, hakujibu. Mama Galgallo aliketi mbele yake na chombo cha maziwa kwenye mapaja. Alinionyesha kwa mkono ningoje.

Akagonga ngoma zile kwenye chombo, kwa vidole. Kisha akasema kwa sauti ya mbali, kama mtu aliye ndani ya kisanduku, "Hini tarifa habari." Papo hapo akanyoosha kiganja, na juu yake kulikuwa na kidonge. Mzee akakichukua, akameza na maziwa. Mama akaendelea kwa Kiborana. Mbuzi mweupe wa Wario amezaa mapacha, mmoja ni dhaifu. Maji ya kisima cha juu yameshuka. Binti wa jirani anachumbiwa, lakini mama yake bado hajakubali. Ng'ombe wawili waliopotea wameonekana upande wa mto. Tena fundi wa redio amefika kutoka Isiolo, amekonda, na amebeba mzigo.

Sisi Waborana tuna desturi, mgeni akija hupewa habari zote za mahali kwa utaratibu, na yeye hutoa za alikotoka. Tunaiita odu. Mama yule hakuvumbua kitu kigeni, alichukua odu ya nyumbani akaivalisha ngoma za Nairobi.

Alipomaliza, Mzee Boru alinigeukia, akaitikia salaam yangu na kuniuliza za mjini. Nilikuwa nimeshikwa na furaha mpaka nikasahau adabu, nikamuuliza moja kwa moja, si ulikataa kumeza bila habari? Alinijibu taratibu, kama mtu anayemfundisha mwanawe, "Daktari alisema habari ikianza. Hakusema habari ya nani."

Alikuwa amekosa wiki moja hivi kabla mkewe hajarudi kutoka kwangu, basi. Mwenda nilipomweleza alikaa chini kwenye sakafu ya chumba cha dawa akacheka mpaka akatoa machozi, halafu akaniomba nimrudie tena tangu mwanzo. Mzee alimaliza vidonge vyake, akaja akapimwa makohozi, akaambiwa amepona. Redio niliyoirudisha aliiwasha siku hiyo ya kwanza, akasikiliza kidogo, akaizima. Alisema yule bwana wa Nairobi anasoma vizuri, lakini hajui mbuzi wao hata mmoja.

Kwa hiyo nikiwaambia muulize kabla ya kufungua, msidhani ni ukaidi wa mzee. Kile kitu kilicho mezani pako kina kazi yake huko kinakotoka, na pengine si kazi iliyoandikwa kwenye boksi.

Miaka ikaenda. Zikaingia kaseti, tukawa watu wa kurudisha mikanda kwa kalamu. Zikaingia redio za plastiki, nyepesi, ambazo zikifa hazifufuki. Mwenda akahamishwa. Huko hospitali maneno ya kulipia yakaanza kusikika, na ngazi ya duka ikapata mabishano mapya. Mzee Warsame akafariki, duka likabaki mikononi mwangu, na ile redio ya mbao ikabaki palepale mlangoni.

Mchana mmoja Mama Galgallo akaingia, redio mgongoni, imefungwa kwa leso. Alikuwa amezeeka sana. Nikamuuliza habari za mzee. Akasema ametangulia mbele ya haki. Si kifua, ni uzee tu, alilala akapumzika. Na mpaka siku ile ya mwisho, akasema, mchana hakuruhusu mtu kuongea mpaka odu iishe, ijapokuwa vidonge vilikwisha zamani.

Nikamwuliza maswali yangu. Redio haikuwa imeharibika, betri zilivuja ndani kwa kukaa bila kutumiwa. Nikakwaruza kutu, nikatia mpya. Nilikuwa nataka kujua, basi nikamuuliza ataifanyia nini, naye Kiswahili bado hajui.

"Nimesoma miaka mingi," akasema. "Sasa nataka kusomewa mimi."

Nikaiwasha, nikamwekea kwenye ngazi, pale pale alipokaa siku ile. Muda ulikuwa umefika. Ngoma zikapigwa. Mama Galgallo akayasema yale maneno ya mwanzo pamoja na msomaji, vilevile alivyoyakosea siku zote, na mkono wake wa kulia ukanyooka mbele, kiganja wazi. Akautazama. Nilisikia uchungu, nikageukia kazi yangu nisimwone. Nilipotazama tena alikuwa ameurudisha mapajani, anasikiliza.